Makosa Matano

Filimbi ikalia tena, na mwalimu Roger akatolewa nje. Makosa matano. Mpira wa kikapu ndivyo ulivyo: likifika la tano unatoka, hurudi.

"Arbitre, bamekulisha nini?" Zena alipiga kelele. Mwamuzi, Asmani, alikuwa kaka yake, na aibu ilimchoma mbele ya mji mzima.

Asmani hakumtazama. Hii ilikuwa mechi yake ya kwanza. Asubuhi mzee Hamissi, mwamuzi wa zamani ambaye sasa alikuwa mvuvi, alimkabidhi filimbi pamoja na mawaidha.

"Usiangalie sura ya mutu. Usione huruma, hata kwa rafiki. Na arbitre iko mutu wa mwisho kutoka kwa uwanja. Kama unaogopa, unirudishie sasa hivi."

Asmani aliivaa shingoni.

Walimu wa Rumonge walicheza na vijana wa Gatete. Mwaka ule wa 1972, wasomi Burundi nzima wakichukuliwa wasirudi, nani alikuwa na hamu ya michezo? Lakini mkubwa mmoja wa serikali alitaka mechi ichezwe mpaka mwisho, watu waone mji umetulia. Alikaa mbele akitafuna karanga. Vijana wake walisubiri kwenye lori nyuma ya kikapu, wala hawakupiga makofi.

Walimu walikuwa watano tu, bila wa akiba. Asmani alipuliza kama mwenye kichaa. Ukigusa, kosa. Usipogusa, kosa. Wa pili akatoka, wa tatu akatoka.

"Enda uoge kwa ziwa," alimwambia kila mmoja, jasho likimtiririka kuliko wachezaji. Hakuna aliyerudi kukaa benchi. Nani angekaa na aibu ile?

Mzee Hamissi akatema mate. "Mimi sitaki kuona hii mambo." Akaondoka zake kuelekea kwenye mtumbwi wake. Hapo Zena akalia kweli. Aliyekufundisha filimbi akikutupa hadharani, umebaki na nini?

Wa nne akafuata. Akabaki Jean-Pierre, nahodha.

"Lakini sijamugusa mutu!"

"Unajibu arbitre? Faute ya tano. Toka!"

Umati ukazomea. Mkubwa akacheka mpaka karanga zikamwagika.

Kwa sheria mechi ilikuwa imekwisha. Asmani akakataa. Akawapa Gatete mitupo ya adhabu, na kila walipofunga alidai wamekanyaga mstari. Rudia. Wakarudia tena na tena, huku yeye akiibia jicho ziwani. Mkubwa akaacha kucheka.

Mwishowe akapuliza filimbi ndefu. Gatete wakaondoka. Watu wakaondoka wakimlaani. Zena peke yake alibaki, akingoja kumtukana kaka yake vizuri.

Vijana wakashuka kwenye lori na kamba mikononi.

"Walimu wako wapi?" mkubwa akauliza, akitazama benchi tupu.

Mbali ziwani, mtumbwi wa Hamissi, uliojaa watu, ulikuwa mdogo kama ganda la karanga. Asmani akamtupia Zena filimbi, akazinyooshea kamba mikono.