Ndugu Aliyebaki Kibo

Vidole vitatu vya mguu wa kushoto wa Leonidas vilibaki hospitalini Moshi. Viwili vilivyosalia havikuwa na habari na mwenyewe. Alivikanyagia ardhi kama mtu anayetembelea mguu wa jirani.

Lori lilimshusha njia panda saa tatu asubuhi, akashika njia ya kwao Sepuka na fimbo yake. Maneno ya kumwambia mama yake alikuwa nayo tayari. Aliyarudia tangu Arusha hata yakakauka mdomoni: Gaspari aliteleza vibaya, akavunjika shingo, hakuteseka, nikamzika.

Gaspari alikuwa mdogo wake, wamenyonya ziwa moja. Utotoni waliteleza juu ya majabali ya kwao wakikalia kipande cha ngozi ya ng'ombe, mpaka makalio yanachubuka. Ndiyo maana Bwana Nilsen, mzungu waliyemfanyia kazi kwenye mgodi wa dhahabu kule Iramba, alipowafunga miguuni zile mbao zake ndefu za kutelezea thelujini, hawakuanguka sana. Bwana Nilsen alizaliwa nchi ya baridi, na kila Januari roho yake ilidai theluji. Akapanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji ya Kibo na mkewe na shemeji yake, na hao ndugu wawili wakawa wapagazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu waliteleza wote watano kwa mstari mmoja, theluji mpya ikiwarukia usoni, laini kama unga wa mhogo, Gaspari akipiga mbinja kama anayeswaga ng'ombe.

Siku ya nne wingu likashuka. Wazungu walikwisha kutangulia kambini. Ndugu wakapotezana.

Leonidas alisimama chini ya mwamba. Miguu hakuisikia tena. Ndipo sauti ikatoka juu yake, ndani ya weupe ule.

"Kaka! Uko wapi?"

Ikaja mara ya pili. Ikaja ya tatu. Kuifuata kulikuwa ni kupanda nusu saa nzima, na moyoni alijua kwamba akipanda hashuki. Hakuitikia. Alifumba mdomo asije akasikika hata akipumua, kisha akaelekeza mbao zake bondeni.

Kambini, mke wa Bwana Nilsen alimuuliza, "Gaspari yuko wapi?"

Ulimi ukajibu wenyewe. Amevunjika shingo. Nimekwisha kumzika. Wazungu wakavua kofia. Hakuna aliyepanda kumtafuta, kwa kuwa mtu aliyezikwa hatafutwi.

Hakulia siku ile, wala wiki sita alizolala hospitali. Alikingoja kilio kama mtu anavyongoja mguu uliokufa ganzi uanze kuchoma. Hakikuja.

Sasa alifika kisimani. Yunisi, binti wa jirani, alikuwa akijitwika mtungi. Alimwona, akauachia ukapasuka, akakimbia bila hata kumsalimu.

Habari imenitangulia, Leonidas aliwaza. Labda Bwana Nilsen amepeleka barua boma la Singida. Wanajua mimi ndiye niliyerudi peke yangu.

Penye zizi alimkuta baba yake mdogo, Anselm, akikaza miti ya ua.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mzee hakuitika marahaba. Aliitazama ile miguu. "Mbona unatembea?"

"Nimekatwa vidole vitatu tu."

Anselm alidondosha mti aliokuwa nao, akajipenyeza kati ya ng'ombe, akabaki huko.

Mama yake, Luciana, alikuwa uani akipepeta uwele. Alikuwa amenyolewa, na nywele zilianza kuota upya, fupi, nyeupe zaidi ya zilivyokuwa. Ungo ulisimama hewani. Akautua chini taratibu, akamjia, akamshika mashavu, akamshika masikio, akambonyeza mabega kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Hakutoa chozi.

"Kumbe mmekwisha kuanua matanga," Leonidas alisema.

"Mwezi sasa."

"Nani aliwaletea habari?"

"Aliyekuwepo."

Bwana Nilsen, basi. Mzungu muungwana, amekuja mwenyewe mpaka Sepuka. Leonidas akakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na kinu, akaufunga moyo, akaanza. Alieleza wingu. Alieleza walivyokuwa wakiitana, yeye na mdogo wake, na jinsi alivyopanda kuifuata sauti mpaka akaifikia. Uongo ulimtoka bila kumgusa mahali, kama maji juu ya jabali. Alipofika kwenye shingo iliyovunjika aliona midomo ya mama yake ikichezacheza, ikitangulia maneno yake, kama mtu anayesikiliza sala aliyoizoea.

"Hakuteseka, mama."

"Hakuteseka," mama alirudia.

"Alikata roho mikononi mwangu."

"Na ukamzika mwenyewe."

"Kwa mikono hii. Nikachomeka mbao zake juu ya kaburi zikawa msalaba."

Kuku walikwisha kuuvamia uwele kwenye ungo, wala mama hakuwafukuza. Kisha akageukia mlango wa tembe.

"Gaspari," aliita, bila kupaza sauti. "Toka nje, baba. Kaka yako uliyemzika amekuja."