Nani Aliyemnyima Lowell Kura

Kura zilihesabiwa mara mbili, na mara zote mbili Lowell Haugen alishindwa kwa kura moja.

Moja, jamani! Mtu aliyekaa kwenye bunge la jimbo, kule Saint Paul, makao makuu ya jimbo, miaka ishirini na sita. Uchaguzi wake wa kwanza alitoka sare na mpinzani wake, majina yao yakaandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia, likatoka lake. Tangu siku hiyo hakushindwa tena. Miji mingine ilimpa leo ikamnyima kesho, lakini Torvik, mji alikozaliwa, ulimwokoa kila mara. Safari hii ni Torvik hiyohiyo iliyomwangusha, tena mbele ya Tessa Brandt, binti anayefundisha watoto piano, ambaye hata mabango yake aliyaandika kwa mkono.

Na si ubunge tu uliomuuma. Hospitali ya Torvik ilikuwa ifungwe theluji ikiyeyuka kama jimbo halitatoa fedha, na mswada wa fedha hizo ulikuwa mikononi mwake. Mkewe, Ardis, figo zimemfia. Mara tatu kwa wiki husafishwa damu hapo hapo hospitalini. Hospitali ya pili iko mbali, kwa barabara inayofukiwa na theluji nusu ya mwaka. Tessa wa watu hajui hata mlango wa bunge uko upande gani.

Siku ya kura mume na mke walikwenda pamoja kwenye ukumbi wa kanisa. Ardis alimaliza mapema, akasimama kumsubiri. Akasubiri, akasubiri.

"We mzee!" alimtania kutoka nje ya kibanda cha kupigia kura. "Umelisahau jina lako?"

Watu walicheka. Siku ile kila mtu alikuwa na furaha.

Asubuhi baada ya kura kuhesabiwa upya, Lowell aliingia mkahawani kwa Darlene bila kuvua kofia. Watu wakainamia vikombe vyao.

"Nani?" aliuliza kwa sauti. "Nataka kumjua mmoja tu."

Sisi watu wa Torvik hatukuzoea mtu wa kupaza sauti. Hapa hata kipande cha mwisho cha keki hakiliwi: huyu anakata nusu, yule anakata nusu ya nusu, mpaka kinabaki chembe, na bado utasikia, "Kula wewe, mimi nimeshiba." Kujipendelea mbele za watu ni aibu kuliko wizi.

Merle kinyozi ndiye aliyejikaza. "Ni mimi, Lowell. Nisamehe ndugu yangu. Nilimwona yule binti kwenye foleni, kasimama peke yake, buti zimelowa. Nikasema, maskini, asije akaambulia kura ya mama yake tu. Nilijua utashinda tu."

"Merle! Juzi nani alikuchimbulia gari lako kwenye theluji?"

"Si ndiyo maana! Nikasema, Lowell mtu mzuri hivi, kura atazikosa wapi?"

Darlene aliweka birika la kahawa mezani. "Na mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilijua utashinda tu."

Fundi matrekta naye akainua mkono. Kisha mchungaji. Mchungaji mzima! Wote wimbo wao mmoja.

"Huruma!" Lowell alipiga meza, kahawa ikamwagika. "Mtu mnamhurumia kwa kura? Si mngempelekea supu? Ardis akinifia njiani kwenye theluji, mtakuja na huruma hiyohiyo kanisani kumzika, na mabakuli yenu ya viazi vya msibani? Kura moja! Hakukuwa na mtu mmoja kwenye mji huu mwenye akili?"

Merle alilia waziwazi. Hakuna aliyemwambia Lowell anyamaze, maana alisema kweli tupu.

Alipofika nyumbani alimkuta Tessa jikoni, macho mekundu, pai ya maboga iko mezani. Binti aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Mzee Lowell, naapa mimi mwenyewe nilikupigia wewe! Kujipigia niliona haya. Niligombea tu kwa sababu mama alisema si vizuri mtu wa heshima kama wewe akose mpinzani. Sasa nifanyeje? Huo mswada wa hospitali naanzia wapi?"

Lowell alikiinua kile kiti, akakisimamisha. "Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Nitakuja kukufundisha."

Tessa alipoondoka, Ardis alikata pai, akamwekea mumewe kipande kikubwa. Mkono wake ulijaa makovu ya sindano. Kesho ilikuwa siku yake ya hospitali.

"Usiwachukie watu," alisema. "Ni wajinga, lakini si wabaya. Na Mungu anajua humu ndani tuko safi. Mimi nilikupigia wewe. Hata huyu mtoto wa watu kakupigia wewe."

Lowell hakugusa pai. Alishika kisu, akakikata kile kipande nusu, kisha nusu ya nusu.

Ardis alimtazama ile mikono. Taratibu akavuta kiti, akakaa.

"Lowell," alisema. "Siku ile, mbona ulikaa sana mle kibandani?"

Upepo ulikuwa umeanza kuleta theluji dirishani.

"Nilijua nitashinda tu," alisema Lowell.