Tundu la Kanga

Kanga alikuwa na banda la kuatamia mayai ya majirani, lenye ua wa miiba na lango imara. Kila mwezi Kobe alikuja kuukagua ua, akigusa mti mmoja mmoja, mpaka Kanga akachoka.

"Mzee, lango ni lilelile. Kapumzike."

Miezi mitatu baadaye Nguchiro aliingia akala mayai yote ya Kwale. Kanga alimwita Kobe, akilia.

"Lango nililifunga mwenyewe, mzee."

Kobe aliuzunguka ua, akakuta tundu limenasa manyoya ya madoadoa. Kanga akainama. Alilitoboa yeye, apate njia ya mkato ya kwenda kunywa maji.

Kobe hakumcheka. "Mwanangu, mimi nyumba yangu naibeba, na paa lake silioni. Kila mwezi Nungunungu huja kunikagulia."