Taa za Lela

Katika mji ule, taa za nyumbani ziliwaka kwa weupe wa ngozi. Mweupe akiingia chumbani, nuru humlaki kama mgeni wa heshima. Mweusi akiingia, giza hata halishtuki. Majirani wakimpa pole Sikudhani, aliyekuwa mweusi tii, yeye hucheka tu: "Nimeshazoea."

Jioni ile aliketi mkekani akichambua mchele katika nuru ya bintiye Lela, aliyechukua rangi ya baba yake. Nuru hiyo ilielea juu yao, laini kama maziwa ya uvuguvugu.

"Usiende mbali, mwanangu. Mawe hayajaisha."

"Siendi, Mama."

Lela alikuwa akiwalaza wanasesere wake. Wa kitambaa cheupe alimfunika khanga, akamwimbia. Wa kitambaa cheusi, ambaye Sikudhani alimshona kwa mkono wake, alimsukuma uvunguni mwa kitanda.

"Mbona huyo umemtupa gizani?"

"Sijamtupa, Mama," Lela akajibu kwa upole. "Huyo ameshazoea."

Wenzake wakamwita nje, akatoka mbio, na nuru ikatoka naye. Sikudhani akaweka ungo chini, akapeleka mkono uvunguni, akapapasa, akapapasa.