Kompyuta Iliyolala Mzanini

Lori la mahindi ya Gairo lilipanda juu ya mzani, na kompyuta ikaganda tena. Dereva akapiga honi. Mzee Petro, aliyefungua ghala pale mahindi yalipoachiwa wanunuzi binafsi, akashika kiuno.

Castory, mtaalamu wa kompyuta, nusura acheke kwa furaha. Alikuwa ametoka Dar kuja Morogoro kumwomba mzee huyu ruhusa ya kumwoa binti yake, Felista, na sasa baba mkwe mtarajiwa ana shida ya kompyuta! Angetaka nini zaidi?

"Programu ya mzani nani kaandika?" akauliza.

"Mimi," akasema Stefano, fundi wa kompyuta wa pale ghalani.

"Ulikuwa umesinzia, bwana! Ndani ya kiini cha mfumo, programu ikitaka nafasi kwenye kumbukumbu inaomba kwa bendera, yaani alama ya kueleza inaomba vipi. Kila mfumo una majina yake, lakini kanuni ni moja. Bendera ya kusubiri: pakijaa, mwombaji analala mpaka nafasi ipatikane. Kwa kazi za kawaida, sawa. Ila mzani ukibisha hodi, kompyuta inaacha kila kitu iupokee. Hapo hakuna kulala! Unaweka ya papo hapo: unapewa au unanyimwa, unaendelea."

"Na tukinyimwa? Uzito wa lori si utapotea?" Stefano akauliza kwa upole.

"Ndiyo maana unatenga nafasi mapema. Lo! Hata wa mwaka wa kwanza wanajua. Hebu nipishe kiti."

Stefano akampisha.

"Msikilize mtaalamu, shemeji," mzee akamtania Stefano. Castory hakujali, mjini kila mtu ni shemeji wa mtu.

Akabadilisha bendera, akawasha upya. Lori likapanda, uzito ukatokea kwenye skrini, wabeba magunia wakashangilia. Castory akamgeukia mzee. Ni sasa au basi.

"Mzee, nampenda Felista. Naomba unipe nimwoe."

"Mwanangu, kwangu umepita. Lakini sisi Waluguru baba hatoi binti. Mwenye neno ni mjomba wake, mdogo wa mama yake."

Kwao Castory, kule Moshi, baba akishasema yamekwisha.

"Basi nitamfuata, hata kama yuko Matombo kule milimani. Nitampigia magoti."

"Matombo ufuate nini?" mzee akashangaa.

Stefano akavuta kiti kingine, akaketi taratibu, akakunja nne.

"Haya, mtaalamu. Tuanze na hayo magoti."