Injini Inayokamata Pumzi

“Shusha kidogo tena, tata.”

Tshiamala alizungusha bisibisi kwenye kabureta. Injini, iliyowekwa juu ya matairi mawili makuukuu katikati ya gereji, ikapunguza mbio na kunguruma polepole, safi, bila kukwama. Fundi yeyote wa Kolwezi angejisifia ngurumo kama ile. Asia aliisikiliza amefumba macho, kisha akatikisa kichwa.

“Si hii. Hii iko muzuri sana.”

Tshiamala akacheka. Tangu aanze ufundi ameletewa malalamiko ya kila aina, lakini mteja wa kukataa injini kwa kuwa ni nzima, huyu ndiye alikuwa wa kwanza.

Asia alikuwa mshonaji wa mtaa wa Manika, na shida yake alikuwa ameieleza mapema bila kuzungukazunguka. Mume wake, Karim, alikuwa dereva wa njia ya Kasaji na Dilolo, na Corolla ya zamani kama zile zilizojaa mjini. Mwaka jana aliondoka, hakurudi. Sasa mama yake Karim, ambaye macho yamemwishia, kila magharibi huketi dirishani akingoja kusikia gari la mwanawe likiingia. Sahani ya Karim inafunikwa, ya mama mwenyewe haiguswi. Amebaki ngozi na mifupa.

“Ile moteur, injini yake, ilikuwa inakamata pumzi,” Asia alikuwa amemwambia. “Inapiga, inapiga, inakamata pumzi, inapiga tena. Unitafutie ya vile. Ile sauti tu njo itatuliza roho ya ule mama.”

Tshiamala hakuuliza Karim alikwenda wapi. Madereva wa njia ya Dilolo hawakosi nyumba ya pili, na mwanamke aliyeachwa si wa kuulizwa maswali.

Akaiandaa injini ya pili. Mpira wa petroli ulikuwa mrefu mno, kisu hakikuonekana, basi Asia akatoa makasi kwenye mkoba wake. Fundi alijaribu kukata, makali yakateleza. Katikati palikuwa na pengo.

“Makasi ya kushonea, mama. Nani aliharibu hivi?”

“Bwana yangu. Alikatia kitu ya nguvu.”

“Sisi banaume,” Tshiamala alisema kwa huruma, akaukata mpira kwa ncha.

Injini ya pili ilikohoa, ikatetemeka, ikashika. Tshiamala akalegeza waya wa plagi moja ili ichechemee. Alikuwa ameanza kuipenda kazi hii ya ajabu, kuharibu kwa makusudi. Asia alisikiliza kwa muda mrefu.

“Si hii.”

Kutoka langoni ikasikika pumzi ya kuchoka. Alikuwa Omer, mdogo wake Karim, aliyemleta shemeji yake kwa teksi na kusimama pale langoni tangu walipofika.

“Tulienda Likasi, tukafika mpaka Lubumbashi,” alisema. “Anasikiliza, anakataa.”

“Na ile?” Asia aliuliza.

Alikuwa akinyooshea kidole pembeni, kwenye kitu kilichofunikwa turubai.

“Ile haifai, mama.” Jibu lilitoka upesi. “Ilitoka Dubai na kontena. Mi mwenyewe sijaiwasha.”

“Juu ya nini?”

“Hivi tu. Kuna bitu mutu anachukia bila sababu.”

“Uiwashe, tata. Fanya juu ya ule mama.”

Tshiamala alisitasita. Naye ana mama, yuko Sandoa, na macho yake pia yameanza kumwacha. Akaenda, akavuta turubai. Ilikuwa injini ya kawaida, imejaa masizi. Mahali pa namba palikuwa na mikwaruzo mitupu, jambo ambalo kwa injini za mtumba halimshangazi mtu. Akaunga betri, akaunga mpira wa petroli, akawasha.

Iliunguruma kwa nguvu. Alikuwa ameipandisha mbio, kelele tupu.

“Shusha.”

Alishusha.

“Tena.”

“Itazimika, mama.”

“Shusha tena.”

Bisibisi ikazunguka kidogo tu. Injini ikapiga, ikapiga, ikakamata pumzi. Kimya kifupi, kile ambacho mtu hudhani imezimika. Kisha ikapiga tena.

Asia akaketi juu ya tairi. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwambia, kila Karim aliporudi safari, kwamba sasa apakue chakula. Alilia bila kujificha. Omer aliwapa mgongo. Hata Tshiamala alisisimka mwili, kwani ilikuwa kana kwamba mtu mwingine anapumua humo ndani ya gereji. Aliizima kabla hajaambiwa.

“Njo ile yenyewe,” Asia alisema.

“Haya, mama.” Fundi alijilazimisha kutabasamu. “Mulete gari, tuiweke.”

Asia aliinuka, akainama juu ya injini, na kwa ncha ya kitenge chake akafuta masizi pale bomba la moshi linaposhikana na chuma. Akafuta tena, taratibu, mpaka katikati ya vyuma viwili pakang’aa ukanda mwembamba wa shaba nyekundu wa kuziba moshi, uliokatwa kwa mkono.

“Hii shaba, bwana yangu aliikata na makasi yangu,” alisema. “Gari hatuna, tata. Ilienda naye.”

Nyuma yao Omer alifunga lango kwa komeo.

“Mama yake angali anangojea,” Asia alimwambia fundi. “Mulimuacha wapi?”