Zilizorudi

Shikamoo ya Semboja, afisa wa mradi wa kilimo, sikuiitikia. Nilikuwa nimeshuka kutoka Vugiri hadi ofisini kwake Korogwe na bua la mahindi mkononi. Nikalilaza juu ya kibodi yake. Kiwavi bado alikuwa anatafuna jani.

"Tahadhari ya viwavijeshi tuliituma, mama," alisema. "Vikundi vyote arobaini, kwa dakika moja. Labda katibu wenu hafungui barua pepe."

"Katibu ni mimi. Siku ya kuandikisha kikundi nilikwambia sina barua pepe. Ukasema nisijali, utajaza mwenyewe."

Aligeukia kompyuta. Pembeni mwa kioo chake palikuwa na namba nyekundu, thelathini na moja.

"Hizo ni nini?"

"Barua zilizorudi kwenye anwani ya mradi. Huwa hatuzifungui."

"Fungua ya Vugiri."

Alisogeza bua kwa vidole viwili, akafungua. Barua ilirudi kwa sababu sanduku la mpokeaji lilikuwa limejaa. Anwani ya huyo mpokeaji niliisoma kwa sauti, herufi moja moja, ofisi nzima ikisikia. Ilikuwa ya kwake binafsi, Semboja.

Kiwavi alianza kupanda mkono wa shati lake. Hakumpangusa.

"Sasa fungua ya kikundi cha Makuyuni," nikamwambia.